Rejeta ya shaba na chupa mbili za kulanti: uchambuzi wa gari moja la mwaka 1978

Gari ni saluni ya mwaka 1978, injini ya silinda 4, lita 1.6. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, rejeta ni ya shaba iliyoungwa kwa lehemu ya risasi, na hita iliyojificha nyuma ya dashibodi nayo ni ya shaba. Mfumo mzima wa kupooza unabeba lita 7. Chupa ya akiba hakuna: kwenye shingo ya rejeta kuna kijibomba kinachomwaga ziada barabarani, basi. Mwenye gari amelinunua likiwa na maji ya rangi ya kutu, na muuzaji amemhakikishia kwamba miaka 3 nyuma alitia kulanti (kimiminika cha kupooza injini) ya muda mrefu, ile ya miaka 5, kwa hiyo bado ina miaka 2 ya kazi.

Mnunuzi hakuridhika. Anataka kumwaga kila kitu na kuanza upya, na sokoni amekuta chupa mbili za kulanti nzito isiyochanganywa na maji. Moja ni ya kijani, ya kawaida, ya kubadilishwa kila miaka 2. Nyingine ni ya rangi ya machungwa, imeandikwa miaka 5 au kilomita 240,000. Kwa hesabu ya haraka, ya pili inaonekana kushinda bila mjadala. Kwa gari hili, kwa hali lilivyokutwa, haishindi. Umri wa gari peke yake hautoshi kuwa sababu. Yapo magari ya zamani yanayotumia kulanti ya muda mrefu bila taabu. Sababu imo ndani ya rejeta, chini ya mfuniko wake, na kwenye gasketi moja ambayo fundi fulani aliibuni kwa gundi.

Tofauti iliyo ndani ya chupa

Chupa zote mbili, sehemu kubwa ya kilichomo ni glikoli, na glikoli ni ileile. Ndiyo inayozuia maji kuganda na kupandisha kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huganda karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na huchemka kwenye nyuzi 107 hivi hata kabla mfuniko wa rejeta haujaongeza shinikizo. Kwa hiyo anayechagua kwa kulinganisha kuganda na kuchemka anapoteza muda. Tofauti iko kwenye ile asilimia chache ya dawa za kuzuia kutu.

Kulanti ya kawaida, inayofupishwa IAT kwenye vibandiko, hutumia chumvi za madini: silikati, fosfeti, boreti, naitreti, kwa mchanganyiko unaotofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Silikati hujenga utando mwembamba juu ya metali, hasa alumini, na huujenga upesi. Ubaya wake ni kwamba utando huo unakula dawa muda wote, hata gari likisimama. Baada ya miaka 2 glikoli bado ni nzima, kipimo cha kuganda bado kinasoma vizuri, lakini dawa imeisha. Hapo ndipo wengi hudanganyika: wanapima kuganda, wanaona sawa, wanaacha.

Kulanti ya muda mrefu, yaani OAT, ilianza kuenea kwenye magari madogo katikati ya miaka ya 1990. Dex-Cool ya General Motors ndiyo iliyojulikana zaidi. Badala ya silikati ina chumvi za asidi ogania. Hizi hazipaki kila mahali. Hufanya kazi pale kutu inapoanza tu, kwa hiyo hutumika polepole sana na ndiyo maana zinadumu. Kwa ajili ya shaba huongezewa dawa nyingine za jamii ya azoli. Ila asidi hizo huchelewa kuilinda metali iliyo wazi, na zinahitaji kimiminika kiwe kimegusa metali hiyo muda wote. Shikilia hilo la mwisho, ndilo litakaloamua.

Kati ya hizo mbili zipo za mseto, HOAT, zenye asidi ogania pamoja na silikati kidogo au fosfeti. Tutazirudia.

Rangi haituambii chochote cha uhakika. Hakuna sheria inayosema kijani ni ya kawaida au kwamba machungwa ni ya muda mrefu. Rangi hutiwa kiwandani kwa matakwa ya mwenye chapa. Hata maneno ya kwenye chupa hupotosha. Kulanti nyekundu ya Toyota ya zamani iliitwa ya muda mrefu miaka mingi kabla ya OAT kushika soko, na bado ilitakiwa kubadilishwa kila miaka 2. Kinachosomwa ni aina ya dawa, muda wa kubadilisha, na kiwango cha ubora. Kwa magari madogo tafuta ASTM D3306, cha Marekani, au BS 6580, cha Uingereza. Kiwango cha D3306 kinadai kulanti ipite jaribio la D1384, ambamo vipande vya shaba, lehemu, shaba njano, chuma laini, chuma cha kusubu na alumini hujaribiwa pamoja. La muhimu ni kwamba lehemu imo, na huchovywa kwenye kulanti ya nyuzi 88 kwa saa 336 huku hewa ikipulizwa ndani. Chupa ambayo haitaji kiwango chochote haistahili kuingia kwenye rejeta ya shaba, iwe ya aina gani.

Kitabu cha gari kilikuwepo. Kinasema tumia glikoli yenye dawa inayofaa injini za alumini, badilisha kila miaka 2. Watu hupenda kukisoma kama katazo la OAT. Si katazo. Mwaka 1978 magari madogo hayakuwa yakiwekewa OAT, kwa hiyo kitabu kimenyamaza tu. Kilichobaki ni kulikagua gari.

Kilichoonekana baada ya kufungua

Mfuniko ulifunguliwa injini ikiwa baridi. Chini yake, kwenye mpira wake, kulikuwa na uji mzito wa rangi ya kahawia unaoshika kidoleni kama grisi. Maji yalikuwa chini sentimita 6 kutoka shingoni, na vichwa vya mirija ya rejeta vilikuwa vikavu. Kwa tochi, kuzunguka kila mrija pale unapoungana na bamba la juu, ukoko mweupe wenye kijivu ulikuwa umetuna. Huo ni uozo wa risasi ya lehemu. Mahali pengine ulikuwa umeziba robo ya mdomo wa mrija.

Ukoko huo hautaji jina la kulanti iliyousababisha. Lehemu huoza kwenye kulanti yoyote ambayo dawa yake imekufa, na gari hili limeishi miaka mingi na maji ya bomba kabla ya hiyo OAT. Lakini unaeleza kitu kimoja waziwazi: viungo vya rejeta hii vimekwisha kudhoofika, na kosa jingine dogo litatoboa.

Uji wa kahawia nao una maelezo. Mfuniko una maandishi 0.9, yaani unatakiwa kuzuia shinikizo hadi bar 0.9, lakini ulipowekwa kwenye pampu ya majaribio uliachia kwenye bar 0.5. Mpira wake umekauka. Kila injini ilipopata moto, kimiminika kilitoka kwa kijibomba kabla ya wakati. Ilipopoa, rejeta ikavuta hewa. Hakuna chupa ya akiba ya kurudisha kilichotoka. Basi sehemu ya juu ya rejeta na ya bloku ikakaa na hewa na mvuke wa moto badala ya kimiminika, chuma cha kusubu kikashika kutu, na unga wa kutu ukachanganyika na mabaki ya OAT hadi kuwa tope. Hili ni tatizo linalofahamika la kulanti za aina hii pindi mfumo unapokaa nusu. Kulanti ya kawaida nayo haipendi hewa, ila utando wake wa silikati hubaki kwenye metali kwa muda hata kimiminika kikishuka.

Vipimo vingine vitatu vilifanywa kabla ya kumwaga. Karatasi ya pH, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, ilisoma 7 kasoro kidogo. Chini ya 7.5 kulanti ya gari dogo ihesabiwe imekwisha. Rifraktomita, kifaa cha kupimia kiasi cha glikoli, ilionyesha glikoli karibu asilimia 25, ishara kwamba mtu amekuwa akijazia maji matupu. Hiyo miaka 2 iliyobaki haikuwepo.

Cha tatu ni volti, na hiki mafundi wengi hukiruka. Mita iliwekwa kwenye volti za DC, waya hasi kwenye nguzo hasi ya betri, waya chanya ukachovywa kwenye maji ya rejeta bila kugusa shaba. Injini ikiwa imezimwa na kila kitu kimezimwa, ilisoma 0.2. Ilipopigwa stata ikaruka hadi 0.6. Ile 0.2 inaweza kuwa kemia ya kulanti iliyochoka; ule mruko ni umeme unaopita njia ya maji kwa sababu waya wa masi wa injini, unaoiunganisha na nguzo hasi ya betri, umeshika kutu. Waya ulifunguliwa ncha zote mbili, ukasuguliwa, ukakazwa upya, na mruko ukatoweka. Bila hilo, rejeta mpya na kulanti bora kuliko zote vingeliwa vilevile, na lawama angebebeshwa mwenye kuuza kulanti.

La mwisho lilikuwa nyumba ya thamostati, ile valvu inayofungua njia ya maji injini ikipata moto. Badala ya gasketi ya karatasi, palipakwa silikoni nyingi, na ile iliyominyika kwa ndani ilikuwa imevimba na kulainika hadi inachanika kwa ukucha. OAT nyingi zina asidi iitwayo 2-ethilihexanoiki, inayojulikana kwa kulainisha silikoni na baadhi ya plastiki za nailoni. Kwenye injini iliyoundwa kwa ajili yake, sili huchaguliwa zinazoivumilia. Kwenye injini ya 1978 iliyopita mikononi mwa mafundi wengi huwezi kujua wapi pengine pamepakwa silikoni. Shirikisho la vilabu vya magari ya kihistoria la Uingereza, FBHVC, limewahi kuwatahadharisha wanachama wake kuhusu OAT kwenye injini za zamani, likigusia sili na gasketi. Kuna OAT zisizo na asidi hiyo. Anayetaka kujua atafute karatasi ya usalama ya bidhaa, sehemu ya 3, mahali viambato vinapotajwa. Maandishi ya mbele ya chupa hayatasema.

Kupima pande mbili

Utetezi wa OAT ni wa kweli na hauna budi kusikilizwa. Haina silikati, kwa hiyo haiwezi kuganda kama jeli chini ya chupa au ndani ya rejeta. Haisagi sili ya pampu ya maji, lalamiko ambalo watengenezaji wa Japani walikuwa nalo dhidi ya silikati kwa miaka mingi. Kwa alumini ya moto hufanya kazi nzuri sana ikishakaa. Na gari likiwa la kuendeshwa kila siku, mfumo umefungwa vizuri na umejaa daima, miaka 5 inaweza kupatikana kweli.

Sasa weka gari hili mbele ya hoja hizo. Mfumo haujafungwa. Rejeta ni ya lehemu dhaifu. Sili hazijulikani. Pampu na mipira ya maji ni ya umri mkubwa, kwa hiyo ndani ya miaka 2 au 3 kitu fulani kitavuja na kulanti itamwagwa tu. Nani anayebaki na kulanti ya miaka 5 kwenye gari ambalo litafunguliwa kabla ya mwaka wa 3? Faida pekee ya chupa ya machungwa ni muda, na muda ndio gari hili halitoi. Upande wa pili, kubadilisha kila miaka 2 kunalazimisha mtu afungue mfuniko, aone rangi, aguse mipira, apime. Kwa gari la zamani hayo ni matunzo yenyewe.

Za mseto je? Kwa gari jingine la miaka ya 1990 ningeziweka mbele. Hapa zina kasoro moja: baadhi yake zina asidi ileile inayolainisha silikoni. Kama kulanti ya kawaida haipatikani, mseto wenye silikati na usio na asidi hiyo ndio wa pili kwa chaguo. Zile zilizoandikwa kwamba zinachanganyika na zote, za magari yote, ni OAT kwa kawaida. Ahadi yao ni kwamba hazitafanya jeli, si kwamba dawa iliyobaki itatosha. Na kulanti za malori ya dizeli zenye dawa za kuongezea zisitumike hapa hata kama ni za kijani.

Uamuzi: kulanti ya kawaida yenye silikati, ya D3306, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (yaliyoondolewa madini), kila miaka 2.

Kusafisha bila kuua rejeta

Hapa ndipo kazi huharibika, kwa haraka ya kumwaga na kujaza. Rejeta ikifunguliwa bomba la chini zilitoka lita 4.3 tu. Lita 2.7 zilibaki kwenye bloku na hita, sawa na asilimia 39 ya mfumo. Plagi ya bloku ilikuwa imeshika kutu na kulazimisha kwake kungeweza kuvunja, kwa hiyo iliachwa. Ukijaza maji mara ya kwanza, kulanti ya zamani iliyobaki ni asilimia 39. Ukimwaga na kujaza mara ya pili, 15. Ya tatu, 6. Ya nne, 2. Mara moja haitoshi kabisa, na wengi huishia hapo. Plagi ya bloku ikifunguka, zikabaki labda lita 0.7, mara mbili zinatosha.

Kila mjazo ulipashwa moto hita ikiwa imefunguliwa mwisho, maana hita iliyofungwa huhifadhi maji machafu yake. Thamostati ilitolewa wakati wa kusafisha ili maji yazunguke tangu mwanzo. Injini iliachwa kwa mwendo wa taratibu hadi mpira wa juu ukashika moto, ikazimwa, ikapoa hadi kuguswa bila kuungua, ndipo ikamwagwa. Kumimina maji baridi kwenye bloku ya moto huweza kupasua hedi. Haraka ya nusu saa isifanye hivyo. Mara mbili za mwanzo zilikuwa maji ya bomba, mbili za mwisho maji yaliyotoneshwa, kwa sababu lita 2.7 za mjazo wa mwisho ndizo zitakazobaki ndani kuchanganyika na kulanti. Maji magumu yana kalsiamu na magnesi, na hizo hushikana na fosfeti na silikati na kuwa magamba.

Je, dawa ya kuondoa kutu? Asidi ya sitriki, gramu 140 kwenye lita 7, ambayo ni asilimia 2, husafisha chuma vizuri. Kwa rejeta hii ilikataliwa. Ule ukoko mweupe kwenye lehemu ndio unaoziba vijitundu. Asidi ingeufuta na kuacha viungo wazi. Magadi na sabuni kali za kuchubua nazo haziingii kabisa palipo na hedi ya alumini. Badala yake rejeta ilishushwa, ikapelekwa kwa fundi wa rejeta, bamba la juu likafunguliwa, mirija ikazibuliwa kwa fimbo, na viungo vikarudiwa lehemu. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima kwa kulanti yoyote.

Vilivyobadilishwa papo hapo: thamostati ya nyuzi 82, gasketi yake ya karatasi iliyopakwa grisi kidogo bila silikoni, mpira wa juu, wa chini na miwili ya hita, kleempu zake, na mfuniko wa bar 0.9. Ukimaliza, funga pampu ya majaribio shingoni, jaza hadi bar 0.9 injini ikiwa baridi, na usubiri dakika 10. Mshale ukishuka, tafuta kwa jicho. Gari hili lilionyesha unyevu kwenye tundu la chini ya pampu ya maji, dogo, tone moja kwa dakika kadhaa. Tundu hilo likitoa maji sili ya pampu imekwisha. Hakuna kulanti wala unga wa kuziba utakaoiponya. Pampu ilibadilishwa pia. Unga wa kuziba uvujaji usitumike hasa hapa: mirija iliyokwisha kuzibwa robo haihitaji kuongezewa.

Hesabu ya kujaza

Lengo ni nusu kwa nusu ya lita 7, yaani lita 3.5 za kulanti nzito. Nafasi iliyopo baada ya kumwaga ni lita 4.3. Basi hutiwa lita 3.5 za kulanti nzito kwanza, peke yake, kisha lita 0.8 za maji yaliyotoneshwa. Maji mengine, lita 2.7, yamo ndani tayari. Aliyenunua ile iliyochanganywa tayari angejaza lita 4.3 zake na kupata glikoli lita 2.15 katika 7, asilimia 31. Hiyo ni chini ya theluthi, na chini ya theluthi dawa ya kuzuia kutu haitoshi, hata kama mahali hapo hapagandi kamwe. Hili ndilo kosa ninaloliona la hatari zaidi kuliko kuchagua rangi isiyo sahihi, kwa sababu halionekani.

Upande wa pili, usivuke asilimia 60. Glikoli nyingi hubeba joto vibaya kuliko maji, na glikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Silikati iliyozidi nayo ndiyo inayogeuka jeli. Kabla ya kumimina, chupa ya kawaida igeuzwe juu chini dhidi ya mwanga: jeli au mchanga chini yake maana yake imekaa sana ghalani, irudishwe.

Chupa ya lita 5 inabakiza lita 1.5. Hizo zichanganywe na lita 1.5 za maji yaliyotoneshwa, ziwekwe kwenye chombo kilichoandikwa wazi na kufungwa, ziwe za kujazia. Asiyekuwa na za kujazia ndiye atakayefungua bomba la jikoni siku kiwango kikishuka, na hapo mzunguko wa asilimia 25 unaanza upya.

Hewa hutolewa hivi: pua ya gari iinuliwe kidogo, hita iwe wazi mwisho, mimina polepole huku ukiminyaminya mpira wa juu. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa juu ya nyumba ya thamostati, ifungue hadi kimiminika kitoke bila mapovu. Washa bila mfuniko. Thamostati ikifunguka mpira wa juu hupata joto ghafla na kiwango hushuka kwa mkupuo, ongeza, funika. Kesho yake, injini baridi, fungua tena. Kupungua robo lita hadi nusu lita ni hewa iliyokuwa imenaswa, si kuvuja. Hita ikipuliza baridi ilhali kipimo cha joto kiko juu, bado kuna hewa.

Kwenye rejeta isiyo na chupa ya akiba usijaze hadi mdomoni. Acha sentimita 2 au 3. Ukijaza pomoni, itatema kiasi hicho barabarani safari ya kwanza, na mwenye gari ataamini inavuja.

Kulanti iliyomwagwa ikusanywe kwenye chombo chenye kifuniko. Glikoli ina ladha tamu, na kiasi kidogo huua mbwa au kumdhuru mtoto vibaya. Haimwagwi mtaroni, ipelekwe panapopokewa oili chafu.

Ufuatiliaji, na kinachoweza kugeuza uamuzi

Angalia kiwango kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Rangi ikianza kuwa ya kutu mapema, mabaki yametoka kwenye bloku. Mwaga lita 4.3 na ujaze kwa nusu kwa nusu, haina haja ya kuanza yote. Baada ya mwaka pima pH na volti. Kulanti ya kawaida ikiwa mpya husoma juu ya 9 mara nyingi. Ikishuka haraka kuelekea 8 ndani ya mwaka mmoja, shuku gesi ya moto inayopenya gasketi ya hedi, kwa sababu gesi hiyo ni ya asidi. Mapovu yanayoendelea kupanda shingoni injini ikinguruma yatathibitisha. Andika kwenye kadi ndogo aina ya kulanti, asilimia na tarehe, uifunge kwa waya karibu na rejeta. Fundi anayefuata atajazia kwa rangi asipoikuta.

Uamuzi ungekuwa tofauti kwa masharti ambayo hayakuwepo hapa. Rejeta na hita zikiwekwa za alumini zisizo na lehemu, injini ikafunguliwa yote na gasketi na sili zote zikawa mpya za aina inayojulikana, na ikaongezwa chupa ya akiba inayorudisha kimiminika pamoja na mfuniko wenye valvu ya kuvuta, hapo mfumo unakaa umejaa hadi juu na OAT isiyo na 2-ethilihexanoiki inastahili kupewa nafasi. Chupa ya akiba peke yake ni kazi ndogo na ina faida kwa kulanti yoyote. Mwenye gari hili ameshauriwa aifunge hata kabla ya kufikiria rejeta mpya. Kiwango cha kawaida cha rejeta basi kitakuwa shingoni kabisa, na zile sentimita 2 au 3 zitaachwa kwenye chupa.